Mwanamke Asiyedaiwa na Mtu

Mashuka ya wodi ya wazazi hufika chumba cha kufulia saa moja asubuhi, na ikifika saa tano yanatakiwa yawe yamefuliwa, yamekaushwa na kupita kwenye mashine ya kunyoosha. Siku hiyo Sista alikuwa upande wa kupokea. Shuka linatoka kwenye rola likiwa la moto, unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnakunja mara nne, mnaweka kwenye kigari. Mwenzake alikuwa Mama Pacha, ambaye pia ndiye aliyepanga naye chumba.

Wafuaji wote walimwita Sista kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani yake. Nchini kwao alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na moja. Huku ughaibuni vyeti vyake vilikuwa makaratasi tu hadi afanye mtihani wa baraza la wauguzi, unaofanyika mara moja kwa mwaka. Kutafsiri vyeti, kuvigonga mihuri na kuweka akiba ya ada kulimla miaka minne na miezi minane. Na mtu akifikisha miaka mitano nje ya wodi, baraza linahesabu kwamba kazi ameisahau; anarudi chuoni kuanza moja. Usajili wa mwaka huu ulikuwa unafungwa leo, saa kumi na moja jioni.

“Imekubali?” Mama Pacha aliuliza, shuka likiwa katikati yao.

“Imegoma. Nimejaribu mara tatu kwenye simu.”

“Kadi gani? Yule mwali wako uliyemfungia ndani?”

“Huyo huyo.”

Mama Pacha akaangua kicheko, kisha akakikatisha alipoona mwenzake hacheki.

Habari ya mwali ilikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma, watu wawili wa benki walikuja chumba cha kufulia na kalamu za bure na tabasamu, wakawafungulia wafanyakazi akaunti za mshahara. Kadi ya akaunti ile, kwa mgeni mwenye kibali cha muda, ilikuwa ya kutolea pesa kwenye mashine tu. Lakini Sista walimwongezea na kadi ya mkopo. Alipofika chumbani aliifunga kwenye kitambaa, akaizika chini ya sanduku la nguo. Alikulia kwenye nyumba ambayo mwenye duka akipita kudai, baba yake alikuwa anaingia chooni na kukaa huko nusu saa. Alijiapiza hatadaiwa na mtu. Koti la baridi, viatu, hata kitanda alinunua kwa pesa mkononi, na ukweli alijivunia sana jambo hilo.

Kisha baraza likatangaza kwamba ada ya mwaka huu italipwa kwa kadi ya mkopo peke yake, tena yenye jina la mwombaji mwenyewe, kwa sababu ya mawakala waliokuwa wakiwasajili watu kwa ulaghai. Ndipo mwali akatolewa nje.

Saa saba mchana Sista alivua aproni.

“Ukitoka sasa nakukata nusu siku,” alisema msimamizi bila kuinua macho kwenye daftari lake.

“Kata.”

Benki alichukua namba ya foleni, akakaa karibu saa mbili na nusu. Ada yote ilikuwa kwenye bahasha ndani ya mkoba, na mkoba alikuwa ameukumbatia. Zamu yake ilipofika, alimkuta kijana mwenye tai iliyomzidi urefu, mwenye adabu zake.

“Kadi hii ilishafungwa, mama. Ina mwaka na nusu.”

“Nani kaifunga?”

“Mfumo. Isipotumika inajifunga. Tulikutumia barua mbili.”

Barua zilikwenda kwenye chumba walichokihama kodi ilipopanda.

“Basi ifungue, mwanangu. Nimekuja kuitumia.”

“Haifunguliki. Unaomba upya.” Kijana akabofya, akasubiri, akabofya tena. “Shida ni kwamba huna rekodi. Hujawahi kukopa popote.”

“Sijawahi,” Sista alisema, akijinyoosha kitini. Alidhani anasifiwa.

“Sasa ndiyo maana hatuwezi kukupa.”

Alimtazama kijana wa watu, akangoja aseme anatania.

“Hebu nieleweshe. Ningekopa kila mahali, mngenipa?”

“Ukikopa ukawa unalipa kidogo kidogo, mfumo unakuamini. Mimi mwenyewe nina kadi nne, mama, na zote zinanidai.” Akashusha sauti. “Na kibali chako kimebaki miezi mitano. Tunataka sita. Labda uweke akiba yako hapa kama dhamana, tukukopeshe kiasi kile kile kwa riba, ujenge rekodi. Kadi itakuja kwa posta baada ya siku kumi.”

“Mnikopeshe pesa yangu?”

“Kwa namna fulani, ndiyo.”

Sista alicheka kwa sauti hadi mlinzi wa mlangoni akageuka. Akajikaza kisabuni, akamshukuru kijana, akatoka.

Ofisi ya baraza ilikuwa mitaa mitatu mbele, akaenda mbio mbio. Dirisha namba tatu alikaa karani wa makamo, miwani ameipandisha kwenye kipaji cha uso. Sista alipanga vyeti, kitambulisho, kisha akatoa ada kwenye bahasha na kuiweka juu ya kaunta.

“Taslimu hatupokei, dada.”

“Rafiki yangu ana kadi. Nimpigie aje?”

“Lazima iwe na jina lako. Njoo mwakani.”

“Mwakani nitakuwa nimepitisha miaka mitano, kaka. Nitaambiwa nirudi chuoni.”

“Hiyo ni sheria, mimi sikuitunga.”

“Basi niandikie kwamba nimekuja kabla ya muda, na ada kamili, mkanikataa.”

“Hatuna fomu ya hivyo.”

Hakubishana. Alikaa kwenye benchi, akachomoa karatasi mbili. Wodini alifundishwa kwamba dawa uliyompa mgonjwa usipoiandika, basi hukumpa. Akaandika kwa mwandiko ule ule wa kukabidhi zamu, uliolala kidogo, usio na haraka:

*Saa 10:45 jioni. Mwombaji amefika dirisha la tatu akiwa na vyeti vyote na ada kamili. Hana kadi ya mkopo kwa kuwa hajawahi kukopa. Amekataliwa. Hali yake: anapumua vizuri, hajalia.*

Akatia sahihi. Kwa miaka yote hiyo, kila fomu ya nchi hii ilipomuuliza kazi alijaza “mfuaji nguo.” Safari hii, chini ya sahihi, aliandika “Muuguzi.” Akanakili karatasi ya pili, akarudi dirishani.

“Barua ikiletwa hapa mnaigonga muhuri wa kupokea. Mmebandika tangazo wenyewe hapo kwenye kioo.”

Karani aliishusha miwani, akasoma hadi chini. Kidole chake kikasimama kwenye neno la mwisho.

“Hapa umeandika muuguzi. Wewe huku bado si muuguzi.”

“Soma hapo juu yake, kaka. Sababu nimeiandika.”

Karani akasoma tena, safari hii taratibu. Akavuta muhuri, akagonga nakala zote mbili, akajaza saa kwa kalamu: 10:58. Moja akaiweka kwenye trei, moja akaisukuma chini ya kioo. Pesa zilikuwa bado juu ya kaunta, zote. Sista alizikusanya bila haraka, noti moja moja, na karani akamngoja amalize ndipo akashusha pazia la dirisha.