Panzi Hawaondoki Mezani

Mama Perla alilisukuma bakuli kwa ncha ya kidole, kana kwamba panzi waliokaangwa wangemrukia.

"Sisi mjini wadudu tunawapulizia dawa," alisema. "Na siku ya harusi nisiwaone mezani. Wageni wangu watanicheka."

Alikuwa ameshuka na mwanawe Rigo hadi kijijini, katika bonde la Oaxaca, kumposa Zenaida, mfumaji wa mazulia. Mshumaa wa posa waliouleta ulilala mezani, mrefu, mweupe. Baba wa binti akiuwasha mbele ya picha za watakatifu, basi posa imekubaliwa. Na nyumba ile haikuwasha mshumaa wa mtu ambaye hajala chakula chake.

Mzee Wilfrido, baba yake Zenaida, aliinamisha macho. "Mke wangu, ondoa tu. Isiwe shida."

Zenaida alihisi uso unawaka. Panzi wale mama yake aliwavua mwenyewe kwa wavu alfajiri, umande ungali kwenye majani, akawaosha, akawakaanga kwa kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Leo waondolewe kama takataka, na baba mtu anasema isiwe shida!

"Mama, usiguse hilo bakuli," alimwambia mama yake.

"Zena, yaishe basi," Rigo alinong'ona.

"Yaishe vipi? Ndiyo kwanza yanaanza."

Akatoka uani, akarudi na kipande cha mpungate, mmea wa miiba, kilichojaa vidudu vyenye unga mweupe.

"Mama Perla, lile zulia jekundu unalolipapasa tangu uingie, umelipenda?"

"Nani asilipende? Rangi ile! Nitalitandika sebuleni."

Zenaida akabandua kidudu kimoja, akakiponda kiganjani. Wekundu ukatapakaa. Akakamulia ndimu, ukang'aa kama kaa la moto.

"Rangi yenyewe hii. Tunawakausha, tunawasaga, tunawachemsha na sufu. Utawapulizia dawa na hawa?"

Mama Perla akaficha mikono mapajani. "We mtoto una mdomo!"

"Ninao, na unakula panzi. Harusini watakaa katikati ya meza. Anayeona kinyaa, mshumaa wake ule pale, auchukue aende zake."

Mzee Wilfrido akashika kichwa. Rigo akasimama, akauchukua mshumaa. Moyo ukamlipuka Zenaida, maana alimpenda yule kijana, alimpenda hasa. Lakini hakufuta neno lake hata moja.

Rigo hakwenda mlangoni. Alimgeukia mzee. "Baba, tafadhali, tuwashie."

"Hawashi mtu," Zenaida alisema. "Kula kwanza."

Rigo akachota panzi konzi nzima, akatia mdomoni. Chumba kizima kilimsikia akitafuna, na mama yake alisikia kuliko wote. Alipomeza, akachota tena.

Mzee Wilfrido akachangamka, akanyoosha mkono kuupokea mshumaa. Zenaida alikuwa ameshaushika.

"Isiwe shida, Baba," alisema, akauwasha mwenyewe, kwa mkono ule ule mwekundu.