Waliohudhuria Kikao cha Gesi

Siku ile mjinga alikuwa Wechuli, na yeye mwenyewe hajawahi kubisha. Mtu aliyekaa Kisumu miaka saba, akala samaki mpaka paka wa mtaa wake wa Kaloleni wakajua saa yake ya kurudi nyumbani, anawezaje kuitisha kikao cha wananchi Jumamosi? Kandokando ya ziwa Jumamosi ina mwenyewe. Ni siku ya kuzika. Ukitaka harusi, ukitaka mechi, ukitaka kuwaambia watu kwamba ardhi yao itatobolewa kutafuta gesi, kwanza uliza nani anazikwa. Wechuli hakuuliza, maana hakuwa na wa kumuuliza.

Alikuwa karani wa Kitengo cha Maandalizi ya Gesi, ofisi ya vyumba viwili yenye jina refu kuliko korido yake. Kampuni moja ilikuwa imepata ruhusa ya kuchimba visima vya majaribio karibu na ufuko, na kazi ya kitengo ilikuwa kuhakikisha mtambo haufiki kabla wenyeji hawajajiweka sawa: malori yapite barabara gani, moto ukiwaka nani apigiwe simu, mtu mwenye lalamiko alipeleke wapi. Na kulikuwa na jambo ambalo Wechuli alilishikilia kuliko yote hayo, nalo ni maji. Kila kisima cha kunywa kiandikwe, maji yake yachotwe na yapimwe kabla chuma hakijagusa udongo. Yakianza kunuka baadaye na huna kipimo cha mwanzo, kampuni itakwambia yalikuwa yananuka tangu enzi za babu yako, nawe utabaki unaikodolea ndoo macho.

Ramani waliyoletewa kutoka Nairobi haikuonyesha kisima hata kimoja kijijini Nyakmar. Kama vilikuwepo, ni wenyeji tu wangevitaja. Ndiyo sababu ya kikao: watu waje, waseme visima vyao viko wapi, waulize maswali, waandike majina kwenye daftari la mahudhurio. Bila majina, kwa macho ya wakubwa, hapakuwa na kikao. Na karatasi zote zilitakiwa kufika juu Alhamisi.

Alifika uwanja wa shule saa tatu asubuhi, amevaa suti nyeusi, suti yake ya pekee. Aliagiza viti mia na hamsini. Alikuta kumi na viwili. Oyugi, mwenye kukodisha viti na mahema, alimweleza kwenye simu bila haya kwamba vingine vimeenda kwa marehemu Mzee Ondiek, na kwamba akitazama vizuri ataona hata hivyo kumi na viwili ni vingi.

Wechuli akatazama vizuri. Akaketi kwenye kiti cha kwanza. Baadaye akahamia cha tano, ili kile cha kwanza kisidhani kimependelewa. Mbuzi wawili walipita, akawaambia wasisahau kuandika majina. Alikuwa mtu wa mizaha. Ofisini walimjua kwa hilo, na mizaha ile ilimtosha mchana kutwa. Saa tano akasimama, akavishukuru viti kwa utulivu wao, akafunga kikao. Kipaza sauti cha mazishini kilikuwa kikiimba upande wa pili wa mashamba ya mtama. Angeweza kwenda stendi akarudi mjini. Lakini mjini kulikuwa na nini? Chumba, jiko la gesi na redio. Akaufuata ule wimbo unakotoka, daftari kwapani.

Bomani kwa Ondiek watu walijaa. Suti ilimponza: kijana mmoja wa mapokezi alipoiona alidhani ni ndugu wa marehemu kutoka mbali, akamkalisha mbele kabisa, penye mlango wa hema, na meza ndogo mbele yake. Akaletewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Yalikuwa baridi na matamu, si kama yale ya mfereji wa mjini. Akauliza yametoka wapi. Akaambiwa, nyuma ya jikoni hapo, kisima alichokichimba marehemu kwa mikono yake mwenyewe. Nusu ya Nyakmar wanachota pale, na mwenyewe hakuwahi kumfungia mtu kifuniko. Wechuli alipoinua macho juu ya ua wa boma aliona kigingi chekundu cha kampuni, alama ya mahali pa kutoboa. Akapima kwa jicho. Hatua mia tatu, hazizidi.

Aliweka daftari mezani ili amalizie kunywa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mkenya amefunzwa na walinzi wa mageti. Akiona daftari lililofunguliwa na kalamu juu yake, ataandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, kisha ndiyo aulize ni la nini, na mara nyingi hatauliza. Mama mmoja aliyevaa sare za kanisa aliinama, akaandika, akatia sahihi. Kichwa cha daftari kilikuwa kwenye jalada, na jalada lilikuwa limekunjwa nyuma. Mama yule akamshika Wechuli mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mos," akamwambia, kwa Kijaluo, yaani pole.

Wechuli akafungua kinywa amweleze kwamba hili si daftari la rambirambi. Lakini nyuma ya mama alikuwepo mzee, naye ameshaandika, naye ameshanyoosha mkono. Nyuma ya mzee foleni ilikuwa imeanza kupinda.

"Mos, omera, ndugu yangu. Mzigo huu ni mzito. Jikaze."

Wechuli akaupokea mkono.

Mkewe, Nasipwondi, alikufa mwaka ule wa elfu mbili na ishirini, mwaka wa barakoa. Walimzika Bungoma saa mbili asubuhi, watu kumi na watano wamesimama mbali mbali kama miche, na afisa wa afya akitazama saa yake. Hakuna aliyemshika Wechuli mkono. Ilikuwa marufuku. Hakukuwa na hema, hakukuwa na kitabu cha kuandika nani alikuja, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuja. Baadaye marufuku ikaondolewa, lakini nani atakuja kukushika mkono kwa msiba wa mwaka jana? Akarudi Kisumu, akaanza kuchekesha watu. Alicheka nao kutoka lango la ofisi mpaka lango la Kaloleni, na jioni akitia ufunguo mlangoni uso wake ulichoka, ukalala kabla yake.

Sasa hapa mikono ilikuwa inakuja. Mikono ya wavuvi, imekwaruzwa na nyavu. Mikono ya walimu yenye chaki. Bibi mmoja alimshika kwa muda mrefu, akamtazama usoni, akatikisa kichwa kana kwamba alikuwa anaijua habari yote. Wechuli alisema asante. Akasema asante sana. Machozi yalipomtoka watu waliona ni kawaida, ni ndugu wa marehemu. Mtu akampa leso. Kama ulikuwa wizi, basi aliiba hivyo, ameketi, analia, mkono mmoja mmoja.

Majina yalifika mia mbili na kumi na manne.

Jumapili aliyahesabu chumbani kwake mara mbili na hakuona raha yoyote. Jumatatu asubuhi akaenda kwa mkuu wake, Madam Lorine, akamweleza kila kitu isipokuwa habari ya Nasipwondi. Madam Lorine hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa tarehe. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema Wechuli huyu siku moja atamuua. Kisha akavaa miwani, akapekua daftari, na kicheko kikaisha. Hakuna kata iliyoleta hata majina sabini. Namba za vitambulisho zilikuwa sawa. Tarehe ilikuwa sawa.

Wechuli akamkumbusha kwamba hakuna aliyeulizwa jambo lolote. Akamwambia habari ya kisima cha Ondiek na kigingi chekundu. Kikao kikihesabiwa kimefanyika na kisima hakikutajwa, kitaandikwa hakipo. Na kisichokuwepo hakipimwi.

"Lakini kipo, Madam. Nimekunywa maji yake."

"Ulikunywa kama mfiwa, Bwana Wechuli. Hukunywa kama afisa."

Walibishana mpaka saa ya chai. Yeye alitaka warudie kikao. Madam alitaka amwonyeshe siku gani iliyobaki kati ya leo na Alhamisi. Mwisho Wechuli akasema hatatia sahihi ya karani chini ya majina yale, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kusema neno ofisini pasitokee mtu wa kucheka. Madam akakubali jambo moja: kesho waende pamoja kwa mjane. Akiridhia majina yabaki, malalamiko hayatakuwepo, na Wechuli atatia sahihi. Wechuli naye akakubali. Aseme nini? Alikuwa amechoka, na moyoni alitumaini mjane yule angemkemea Madam badala yake, ili yeye asimame tu pembeni.

Jumanne wakamkuta Mama Ajwang bomani kwake, mahali ambapo mila ilimtaka awe, maana mjane mpya haendi kwenye nyumba za watu. Mahema yalikuwa yameshaondoka. Alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka mbele ya nyumba, kaburi likiwa bado jekundu upande wa kulia, na uwanja mzima umejaa alama za viatu. Aliwakaribisha vizuri. Akamtambua Wechuli, akamuuliza kama alifika salama siku ile, maana hakupata kumsalimia yule ndugu wa mume wake aliyelia sana.

Wechuli alipiga magoti kwenye mkeka, suti na yote, akamweleza yeye ni nani.

Mama Ajwang akanyoosha mkono ndani ya mlango, akatoa kitabu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kilikuwa kitabu cha rambirambi, kile cha kweli. Kiliwekwa meza ya upande wa pili wa hema, naye ni nani huandika jina lake mara mbili msiba mmoja? Akakifungua. Majina yalikuwa tisa.

"Nimekaa na hawa tisa tangu Jumamosi," akasema. "Watu niliwaona, macho ninayo. Nikajiambia, kumbe hawakumjia Ondiek. Walijia wali."

Wechuli alimwekea lile daftari la ofisi mapajani. Mama akaanza kusoma kwa kidole, midomo ikitamka. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka. Kuna jina alilolirudia. Kuna jina lililomfanya aguse shavu. Madam Lorine alitazama saa yake mara moja, akaona aibu, akashusha mkono.

Mama alipofika mwisho, Madam akazungumza, na alizungumza kwa upole. Alimpa pole. Akasema nakala ya majina yote itapigwa leo leo, kwa rangi, iletwe hapa, awe nayo maisha yake yote. Daftari lenyewe tu ndilo liende ofisini. Kuhusu kisima asiwe na wasiwasi, visima vilivyosahaulika vitaingizwa awamu ya pili.

"Awamu ya pili ni kabla ya kutoboa, au baada?" mama akauliza.

"Baada kidogo."

"Madam," Wechuli akasema, "hawa watu walikuja kumlilia mtu. Mimi ndimi niliyewanyamazia. Hakuna hata mmoja aliyesikia neno gesi."

"Na hakuna hata mmoja aliyekuzuia, Bwana Wechuli." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, Alhamisi ilikuwa inamkaba. Akamgeukia mjane, akafungua daftari ukurasa wa mwisho, penye mistari iliyobaki mitupu, akaweka kalamu hapo. "Mama, nikuambie ukweli jinsi ulivyo. Utaratibu sikuutunga mimi. Mtu akihudhuria, na jina lake likawepo, na asipinge, anahesabiwa amekubali. Ndivyo tunavyofanya kila mahali."

Mama Ajwang aliitazama ile mistari mitupu. Kisha akaichukua kalamu, akamrudishia mkononi.

"Basi orodha yenu ina pengo, mwanangu. Mwandike na Ondiek. Yeye alihudhuria kutoka asubuhi mpaka jioni, na hakupinga hata neno moja."