Okidi Kwenye Dirisha la Kinyozi

Mimi si mtu wa maua, nasema mapema tusije tukadanganyana. Kazi yangu ni kunyoa. Kitu kikiota mahali pasipotakiwa nakikata, mteja anajitazama kwenye kioo, ananishukuru, anakwenda zake. Kwa hiyo kaka yangu aliporudi siku ile na okidi kwapani, majani yake manene, mizizi imening'inia nje ya chungu kama ndevu za mlevi, nilifanya ambacho kinyozi yeyote angekifanya. Alipoingia kuoga nilichukua mkasi nikaipunguza.

Akatoka na taulo kiunoni, akanikuta. "We! Unafanya nini?"

"Nimeichonga kidogo. Ilikuwa haitazamiki."

Akashika kichwa. "Mdogo wangu, hivi unaweza kukaa na kitu bila kukikata?"

Kaka ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Brashi. Mmea ule aliuokota kwenye kazi yake ya mwisho, ofisi moja kubwa yenye viti vya ngozi mapokezi. Maua yalikuwa yamedondoka kabla hajafika, wenyewe wakaona umekufa, wakauweka karibu na pipa la taka. Kaka akauliza: ulikuwa na maua ya rangi gani? Mlinzi hajui. Dada wa mapokezi, ambaye ulikuwa mbele ya pua yake, naye hajui. Mmoja anasema meupe, mwingine anasema kama zambarau hivi. Jambo hilo lilimuudhi kaka kuliko kitu chochote. Watu wanapita mbele ya rangi kila siku ya Mungu na hawaioni! Akaubeba.

Nasema kazi ya mwisho kwa sababu baada ya hapo pumzi ilianza kumkataa. Amesugua kuta maisha yake yote, amemeza vumbi na harufu ya tapentaini, mapafu nayo yakasema basi. Hospitali walimpima, wakampa dawa, wakampima tena, halafu daktari akanivuta pembeni. Mrudishe nyumbani, akasema. Ale anachopenda, na asichoshwe. Hilo la kutochoshwa liliingia sikio hili likatokea sikio lile.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka langu la kunyolea. Wazazi walitutoka mimi nikiwa bado nalala na kidole mdomoni, na Brashi ndiye aliyenilea. Hakuoa. Alikuwa akisema ngoja huyu akue kwanza, na nilipokua akasema sasa nani atamtaka mzee anayenuka rangi. Mashine yangu ya kwanza ya kunyolea alininunulia yeye. Nina ndugu mmoja tu hapa duniani, sina wa akiba.

Basi nikaamua hatakufa. Nilikuwa na imani yangu kwamba mgonjwa akilala sana ugonjwa unamzoea. Kila asubuhi nilimwamsha, nikamwogesha kwa maji ya moto, nikamvalisha shati, nikamfunga kamba za viatu, nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani, mbele ya wateja, na okidi yake pembeni. Na hakuniangusha. Mteja akiingia tu, kaka alikuwa na neno lake. Alipoingia mwenye kipara, kaka alimwambia, "Wewe nenda kwa fundi rangi, huku umepotea njia." Duka lilikuwa likicheka tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nanyoa huku nasikiliza kicheko hicho, nikijiambia, mnaona? Mtu anayekufa anachekesha hivi?

Okidi nayo niliitunza kwa moyo uleule. Nikimpa kaka dawa, na yenyewe naipa maji. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Majani yakaanza kuwa ya njano, nikaongeza maji. Yakalegea, nikaongeza tena. Nilidhani ina kiu, kumbe naizamisha mwenyewe.

Aliyenishtua ni Mama Miche, anayeuza miche pale kona, mama anayependa nywele zake ziwe fupi kabisa. Alikaa kwenye kiti anyolewe, akaiona okidi kwenye kioo, akainuka na shuka langu shingoni. Hakuomba ruhusa. Aliing'oa kwenye chungu, akatunusisha. Mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama maji ya maua ya kaburini.

"Nani anaimwagilia hii?"

Kaka akaninyooshea kidole haraka sana, msaliti.

"Unaimwagilia kama mpunga! Mwenzako huyu anaishi juu ya miti, baba, anashika magome, anakunywa mvua ikipita. Ndiyo maana wamempanda kwenye magome na vipande vya mkaa. Na hii mizizi ya nje, nani ameikata?"

Mkasi ulikuwa mkononi.

"Hizi si nywele," akasema. "Hii ndiyo midomo yake."

Akanionyesha kazi. Tukaondoa mizizi iliyooza, ikabaki mitatu. Akaleta magome makavu na mkaa, akaipanda upya kwenye kile chungu chake cha plastiki kinachoonyesha ndani. Tazama mizizi, akasema: ikiwa kijani imeshiba, ikigeuka kama majivu ndipo uipe maji, na uyaache yachuruzike yote. Mwanga iupate, jua kali hapana. Na zaidi ya yote, mikono mbali. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lilikuwa gumu, maana kukaa karibu na kitu kinachoumwa bila kukigusa ni adhabu.

Lakini nilijifunza. Nikawa naitazama tu. Jani la njano likaanguka, mengine yakabaki. Halafu asubuhi moja kaka akaniita kwa sauti kubwa mpaka nikadhani amezidiwa. Nikakimbia na povu mikononi. Pembeni mwa jani kulikuwa kumechomoza kitu kidogo cha kijani, kimepinda kama kidole.

"Mzizi," nikasema.

"Mzizi gani unaopanda juu? Hicho ni kikonyo. Linakuja ua!"

Jamani, furaha ya siku ile. Wateja walipewa habari kabla hawajakaa. Fundi viatu wa jirani akasema litakuwa jeupe, mwalimu mmoja, mteja wangu, akasema zambarau, wakaanza kubishana kama watu wa mpira. Wakamuuliza Brashi, yeye akasema hajui na hataki kukisia, amechagulia watu rangi maisha yake yote, safari hii anataka kuchaguliwa. Duka lilipotulia nikamwona amefumba macho, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Nikaogopa. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, mtu mzima mimi, nalia.

"Huondoki kabla hili halijachanua," nikamwambia. "Niahidi."

"Haya. Nimeahidi."

Tangu hapo ahadi ile ndiyo iliyokuwa fimbo yangu. Hataki kula: na ua je? Hataki kuamka: utaliona ukiwa kitandani? Kikonyo kilirefuka, kikatoa matumba ya kijani yaliyobana. Kaka alikuwa akikonda, mashati yake yakawa mapana, nami nikayapunguza kwa pini mgongoni ili wateja wasione.

Mama Miche alikuwa amesafiri kwa mambo ya kwao. Aliporudi nilimwita kwa mbwembwe, njoo uone, mwanafunzi wako amefaulu. Akaja. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa bado. Mama Miche hakucheka. Aliinua chungu, akakigeuza taratibu, akaitazama mizizi, akakirudisha mahali pake.

"Bado ni ileile mitatu," akasema.

"Lakini inachanua!"

"Kuna kuchanua kwa shibe na kuna kuchanua kwa kuishiwa. Huu umeishiwa. Unatoa akiba yote kwenye hiki kikonyo. Ukiuacha utaliona ua, sikatai, na litakuwa zuri. Likianguka, majani yatalala na hautainuka tena. Ukitaka uishi, kikate leo, uache upumzike."

"Kata," kaka akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Sikati."

"Kinyozi mzima unakataa kukata?" mwalimu akauliza. Hakuna aliyecheka, naye akainamisha kichwa.

Nilimmalizia, nikamsindikiza Mama Miche, nikafunga mlango wa duka mchana kweupe. Nikamgeukia kaka.

"Uliahidi utaliona!"

"Niliahidi kwa sababu ulikuwa unalia."

"Hata sasa nalia!"

"Nakuona." Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Kaa chini. Asubuhi ukinivalisha shati, unajua nafanya nini? Nafuata vifungo. Kimoja, kingine. Kikifungwa cha mwisho nasema Mungu wangu, nimefika. Halafu unaniletea viatu."

Nikakaa.

"Watu wakiingia nawachekesha. Nikinyamaza, unanitazama kwenye kile kioo, na mimi siwezi kuyavumilia macho yako. Kwa hiyo nawachekesha. Kufa sikuogopi, mdogo wangu. Kinachonishinda ni kuamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Kinyozi hajinyoi. Ungenisikia?"

Nisingemsikia. Ningemwambia aache maneno ya ajabu, nikaenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

"Sitaki ufe," nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo ndani ya nyumba ile. "Sina mtu mwingine, kaka."

"Najua. Wewe ndiye uliyeniweka kwenye kiti hiki mpaka leo, si dawa. Lakini nimechoka kusubiri ua. Nimechoka kweli kweli. Kata."

Nikachukua mkasi mdogo, ule wa masharubu. Nikaupitisha kwenye spiriti. Mkono wangu huu umenyoa watoto wachanga wakiwa usingizini, lakini siku ile niliushika kwa mwenzake. Nikakata. Hakikutoa hata sauti.

Nilitaka kupasua tumba moja angalau tujue rangi. Nilikuwa nimeshaweka ukucha, kaka akanizuia.

"Acha. Rangi mbichi inadanganya. Huhukumu ukuta kabla haujakauka."

Nikaliacha. Akaomba nimpeleke ndani. Nilimbeba, na sitaki kusema alikuwa mwepesi kiasi gani. Nikamvua viatu, nikachomoa pini za mgongoni moja moja, akalala na jua bado liko juu.

Kesho yake mazoea yaliniamsha. Maji nilikuwa nimeshayabandika na shati liko begani kabla sijakumbuka. Nikaingia chumbani. Kaka alikuwa usingizini, usingizi wa kweli, lakini aliposikia hatua zangu mkono wake ukatoka shukani, ukatafuta ukingo wa kitanda, akaanza kujivuta ainuke. Macho hayajafumbuliwa. Alikuwa anajiamsha kwa ajili yangu kabla hata hajajua kuwa kumekucha.

Nilitundika shati kwenye msumari. Nikaushika ule mkono, nikaurudisha ndani ya shuka.

"Lala, kaka," nikamwambia.

Akafumbua jicho moja. "Kweli?"

"Kweli. Lala."

Akanitazama kidogo, kama anayehakikisha sitabadili neno. Kisha akageukia ukutani, akalala.