Kumvusha Ainembabazi Murongo

Kosa lilikuwa la Uwamahoro, na alilifanya kwa adabu. Kwao mtu hasafiri na mtoto wa watu bila kuaga ukoo wake. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alikwenda Ihanda kwa Melkiory, akamkuta shambani anapunguza majani ya migomba, akapiga goti.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuaga. Kesho tunavuka daraja la Murongo na mtoto. Dokta ana mkutano wa wahandisi Kampala."

Melkiory akaitikia, akauliza wanaondoka saa ngapi, akaambiwa saa mbili.

Dokta ni Kemirembe, mjane wa Cleophace aliyekuwa mdogo wake Melkiory. Alikuwa mkuu wa idara ya ujenzi chuoni, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, na bado anamnyonyesha mwanawe, Ainembabazi. Waandaaji wa mkutano walikuwa wametenga nafasi kwa viongozi kama yeye: nauli ya mama, na ya mlezi wa mtoto pia. Mlezi ndiye Uwamahoro, mkimbizi aliyeishia darasa la saba. Jumatano saa nne Dokta angesimama kueleza madaraja yake. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Jumanne, gari la kukodi lilipofika Kimuli, gogo lilikuwa limelala barabarani. Dereva, Winston, akashuka alisukume. Melkiory akachomoza migombani na mundu wake, na bila salamu akamtandika Winston ubapa wa chuma sikioni. Winston akaenda chini.

"Mtoto wa Cleophace havuki maji matanga hayajaondolewa," Melkiory alisema, akifungua mlango. "Wewe nenda, profesa. Kawahutubie Waganda. Damu yetu inabaki."

"Shemeji, ana miezi mitano. Ananyonya."

"Atakunywa ya ng'ombe."

Akamkamata mtoto mguu pale mapajani mwa mama yake. Kemirembe akakinga kwa mkono wa kushoto. Mundu ukashuka, ukapasua nyama toka kiwiko hadi karibu na kiganja, mfupa ukatokeza mweupe kama muhogo uliomenywa.

Uwamahoro alikuwa mtu wa kungoja. Alishuka mlango wa pili na spana ya magurudumu, akazunguka taratibu, akangoja mpaka Melkiory alipoinua mundu tena na uzito wake wote ukawa juu ya mguu mmoja. Hapo akalipiga goti lake. Likalia kama kuni kavu. Melkiory akaanguka, mtoto akamponyoka, akabaki mapajani mwa mama yake. Akampiga tena hali yuko chini, mbavuni. Pigo la tatu lilivunja vidole vilivyokuwa bado vimeshika mundu.

"Mkimbizi wewe," Melkiory alitema damu. "Utanijua."

"Nimeshakujua, baba."

Watu waliosikia kelele walikuwa wanakuja mbio na machela. Winston, sikio likivuja, akaendesha hadi Murongo, penye daraja la mpakani. Zahanati wakamshona Kemirembe nyuzi kumi na tisa. Hajafungwa bandeji vizuri, askari akaingia. Simu ilikuwa imeshapigwa kutoka Kimuli.

"Kuna mtu amevunjwa goti," alisema. "Hapa havuki mtu mpaka nijue nani kalivunja."

Kemirembe akafumba macho. "Basi. Turudi wote. Mkutano niuache."

"Dokta, nimelivunja mimi," Uwamahoro alisema. Akamgeukia askari. "Andika jina langu. Yeye mruhusu avuke, kesho anasema mbele ya watu."

"Na mtoto nitamwachia nani?" Kemirembe aliuliza. "Nitasimamaje mbele ya wanaume wale na mkono huu?"

"Utasimama naye mgongoni."

Akamfunga Ainembabazi mgongoni mwa mama yake, fundo akalipeleka bega la kulia lisibane mshono. "Akilia, tikisika, uendelee kusema. Wakitaka kumpeleka chumba cha nyuma, kataa."

Kemirembe akataka kumkumbatia, mkono ukakataa. Akaondoka hivyo hivyo, amepinda upande mmoja. Uwamahoro akamtazama mpaka akapita kizuizi na kushika daraja, ndipo akaketi kwenye benchi la polisi. Damu ya Melkiory ilikuwa imekauka kwenye kucha zake.

"Ulimpiga mara ngapi?" askari aliuliza, kalamu mkononi.

"Tatu."

"Pigo la kwanza lilimwangusha?"

"Lilimwangusha."

"Sasa hayo mawili ya nini?"

Uwamahoro akafikiri, kama kawaida yake, bila haraka.

"La kwanza lilikuwa la Dokta," alisema. "Hayo mawili andika ni yangu."