Kitambaa Juu ya Hita

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, friji ilikuwa na kitambaa, hata jagi la maji lilivishwa kofia ya shanga. Vyote alivifuma mama mkwe kwa mkono wake, na ole wako uviguse. Basi mwanawe alipomletea hita ya feni, ya kukaa sakafuni karibu na kiti chake, aliivumilia siku moja tu. Kesho yake nayo ikavishwa.

Hita ikavuma kidogo, ikazimika. Ikapoa, ikawaka, ikazimika tena.

"Nani ananizimia?" aliuliza mama mkwe, na jibu alikuwa nalo tayari. Nani tena kama si mke wa mwanawe, ambaye damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza? Akampachika jina la Zimamoto, akawa anamwita hivyo mbele ya wageni, na wageni wakacheka mpaka machozi.

Mke alieleza kwa upole. Siku nyingine alieleza akilia.

"Mama, sijaigusa. Inavuta hewa nyuma, inaitoa mbele. Ukiifunika inapata joto kupita kiasi, inajizima yenyewe isiungue. Imeandikwa hapa juu, isifunikwe."

"Nimezeeka na baridi yangu, leo nifundishwe kuota moto na wewe?"

Mume alikuwa mtu mwenye akili zake kazini, ila nyumbani aliziacha mlangoni pamoja na viatu. Badala ya kuondoa kitambaa, alileta fundi. Fundi akafungua mgongo wa hita, akatoa kidude kidogo, akaunga waya moja kwa moja.

"Hii sasa haizimiki mpaka mtu aizime," alisema. Hakuna aliyemuuliza kile kidude kilikuwa cha nini. Mke alifungua mdomo, mume akamnyooshea kidole.

"Imeshatengenezwa. Ikizimika tena, ni wewe. Siku hiyo ufungashe urudi kwenu."

Kwao hakukuwa na mtu wa kumpokea. Wazazi walishazikwa, na nyumbani aliishi kaka yake na mke asiyetaka hata kumwona. Mume alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alimtisha hivyo.

Siku moja mke alikuwa jikoni akimenya vitunguu aliposikia harufu ya uzi unaoungua. Alikimbilia sebuleni. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, blanketi limemshuka miguuni hadi kwenye hita. Kitambaa kilikuwa kimegeuka kahawia katikati, na moshi ulikuwa ukipanda taratibu.

Tusidanganyane: alisimama. Alisimama mlangoni na kisu mkononi, akiwaza kwamba asipoigusa, hakuna atakayesema ameizima. Wazo lile lilikuwa tamu, na utamu wake ukamtia hofu. Akatupa kisu, akang'oa plagi, nayo ilikuwa ya moto hata ikamchoma vidole. Kitambaa akakitosa kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mlango.

Mama mkwe akaamka. Aliona plagi mkononi mwa mkwewe, na kazi ya mikono yake inaelea nyeusi majini.

"Nimemkamata!" alipiga kelele. "Ameizima, na kitambaa changu amekiunguza!"

Mume aliporudi alikitoa kitambaa kwenye ndoo, akakinyoosha, akachungulia tundu la katikati. Akatazama hita. Akatazama pindo la blanketi lililobabuka. Alielewa kila kitu, ilionekana usoni. Lakini kuelewa kungemlazimu kumwambia mama yake kwamba amekosea.

"Nilikwambia nini?" alimuuliza mkewe.

Asubuhi mke alitoka na begi moja. Alipopita dirisha la sebule alisikia mvumo ule. Hita imewashwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya redio, akiivua kitambaa chake. Alikikung'uta vizuri, akainama, akakitandaza juu ya hita, akalainisha pembe zake kwa kiganja.

Mke aliinua mkono agonge kioo. Vidole vilikuwa na malengelenge bado. Mama mkwe akageuka, wakatazamana.

"Zimamoto!" alisema akicheka. "Bado upo tu?" Akavuta pazia.

Mke akateremsha mkono, akainua begi lake, akaenda zake. Hakugonga.