Semahoro Yuko Ndani ya Nyumba

Kitendawili changu hiki sikurithi kwa mtu, nimekitunga mwenyewe hapa kambini Nakivale: ameshika watu mia kiganjani, na chumbani yuko peke yake. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, jibu ni mjukuu wangu Kwizera na simu yake.

Kila alipokuja kunitembelea kutoka Mbarara alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akainamisha shingo, na simu ikaanza kulia risasi. Nikimwambia apunguze, anapunguza. Lakini risasi hata ikiwa ndogo kama mbu bado ni risasi. Nilikuwa nachambua maharage na vidole vinakataa.

"Kwizera, huna kitu kingine cha kupumzisha kichwa?"

"Bibi, mtu asiye na kitu anachokipenda ni gunia tu, linajazwa na kumwagwa. Wewe una vitendawili vyako. Jirani ana redio yake. Mimi nina gemu."

"Kitendawili hakiui mtu."

"Na gemu haijaua mtu. Hata bunduki yenyewe haina dhambi, Bibi. Dhambi ni ya kidole."

Hapo sasa anaanza kuzitaja moja moja, kama Wanyankole wanavyosifu ng'ombe zao: hii nzito lakini haikwami, ile inafika mbali lakini ina kelele nyingi, ile nyingine ni ya watu waoga. Nilimwuliza kama litania ya watakatifu anaijua vizuri hivyo. Akacheka. Alisema anamwamini Mungu, misa anakwenda akipata nafasi, ila kanisani mtu hana pa kuulizia. "Kwenye gemu ukifa, inakuonyesha tena ulivyokufa. Nani alikupiga, alikuwa amesimama wapi. Padri hajawahi kunionyesha hivyo." Alisema kwa wepesi, kama mtu anayezungumzia mvua, na macho hayakutoka kwenye simu.

Semahoro, baba yake, ni mwanangu. Ndiye aliyenipa jina ninaloitwa hapa kambini, Mama Semahoro. Siku tulipokimbia Rumonge, kwetu Burundi, mimi nilitangulia na wanawake na wagonjwa. Kwizera alikuwa bado mtoto, na mama yake alikuwa ameshafariki. Alitufikia jioni akiwa peke yake, matope mpaka magotini. Tukamwuliza baba yuko wapi. Akasema, "Amesema tutangulie."

Basi tukatangulia. Tanzania tukatangulia, Uganda tukatangulia, na mimi sikuacha kumngoja. Komeo la mlango wangu lilibaki nusu. Mbwa wakibweka upande wa ziwa naacha nilichoshika, nasikiliza kama kuna hatua. Mara nyingine zilikuwepo. Zinakuja mpaka kwenye ua, zinasimama, nikifungua sioni mtu, ila kuku wameamka na wote wanatazama fasi moja.

Sisi Warundi mtu akifa tunalia, tunazika, na baadaye inakuja siku ya kuondoa matanga, kuganduka tunavyoita. Misa inasomwa, pombe ya mtama inazunguka, mkubwa wa ukoo anasema maneno. Kuanzia hapo marehemu ni marehemu, na walio hai wanarudi kwenye mambo yao, kulima, kuoa, kuzaa. Mimi ningeondoaje matanga ambayo sikuyaanza? Sikuona maiti, sikuona kaburi.

Ila Kwizera anataka kumwoa Doriane, na wazee wa Doriane ni watu wa kwetu. Walisema bila ugomvi: kijana ni mzuri, lakini baba yake ananing'inia. Siku ya mahari tumtaje vipi, mtu hai ambaye hakuja, au marehemu ambaye hajaagwa? Ondoeni matanga kwanza, tutawasikiliza. Kwizera aliponiletea maneno hayo nilimjibu kwamba simziki mwanangu ili watu wapate kula harusi. Aliondoka na chai ikabaki kwenye kikombe. Doriane ni msichana wa watu, asingemsubiri mpaka nife mimi. Hilo nililijua, na bado sikumwita arudi.

Ndipo Pascasie akaja. Ni jirani yangu, mjane, anapeleka mihogo kuuza Mbarara. Alifika anahema, gunia tupu bado liko kichwani.

"Mama Semahoro! Kaa chini. Hapana, usikae. Sijui hata nikuambie umekaa au umesimama."

"Wee Pascasie, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Ndiyo habari yenyewe!"

Alikuwa anapita Kakoba, mtaa wa Mbarara, nyuma ya soko, kwenye kichochoro cha mafundi wa boda. Akasikia wanaume ndani ya chumba chenye pazia wakiita jina. Akasimama. Wakaita tena: Semahoro yuko hai! Semahoro yuko ndani ya nyumba, msimwache peke yake!

"Ukaingia?"

"Chumba cha wanaume watupu, giza, mimi na mihogo yangu kichwani, niingie niseme nini? Nimekimbilia kwako."

"Akina Semahoro ni wengi Burundi," nikasema. Mdomo ndio uliosema. Mkono ulikuwa umeshafungua sanduku la nguo.

Asubuhi nilivaa kitenge cha Pasaka na Pascasie akanisindikiza. Njia ya kwenda Mbarara siikumbuki. Nakumbuka visogo tu. Kila mwanamume aliyenipa mgongo alikuwa na kisogo cha Semahoro, na kila aliyegeuka alikuwa na uso wa mtu mwingine. Nilikuwa najaribu maneno ya kwanza ya kumwambia. Nilitaka kumkemea. Nikaona nitamwuliza kwanza kama amekula.

Kakoba palikuwa na jua na harufu ya petroli na chapati. Pascasie akanionyesha pazia, la bluu, limechakaa. Kabla hatujalifikia, risasi zikalia mle ndani. Nikajikuta nimeinama ukutani na mikono kichwani. Watu wa kichochoroni wakaendelea kutafuna. Hakuna aliyekimbia, hakuna hata aliyegeuza shingo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nilidhani ninazisikia mimi peke yangu.

"Na mimi nazisikia," Pascasie akaninong'oneza.

Halafu sauti ya mwanamume: "Semahoro, lala! Lala chini!"

Nikavuta pazia. Ndani giza, televisheni tatu zinawaka, vijana wamejibana kwenye mabenchi wakiwa wamenipa migongo. Nikakiona kisogo. Hicho sasa hakikuwa cha mtu mwingine, kile kishimo chini ya nywele, masikio yale yaliyokaa mbali na kichwa. Nikaita, "Semahoro!"

Kisogo kikageuka. Kilikuwa cha Kwizera.

Alikuwa ameniambia anatengeneza simu mtaa wa Nyamityobora. Kumbe kazi yake ilikuwa kukichunga hicho chumba, watu wanakuja kucheza kwa saa. Alishika kile kidude cha kuchezea kwa mikono miwili.

Dereva mmoja wa boda, mwenye koti jekundu, akanisogezea nafasi kwenye benchi, akaniita Jaja, bibi kwa lugha ya huku. "Jaja, kumbe na wewe unajua Semahoro? Semahoro ni mutu ya nguvu sana. Angalia, si ni ule pale!"

Alinyoosha kidole kwenye televisheni. Mwanamume alikuwa amesimama nyuma ya ukuta uliobomoka. Shati la njano. Juu ya kichwa chake jina la mwanangu, limeandikwa herufi nyeupe. Mkononi bunduki.

"Kwizera," nikasema, "shati hilo umelitoa wapi?"

"Yanauzwa humo humo kwenye gemu. Nilitafuta lenye rangi ile."

Nililifua mimi, shati lile la mwanangu. Lilikuwa limeingia mawese kwenye kola na halikutoka.

"Na bunduki?"

"Humu hakuna asiye na bunduki, Bibi."

"Baba yako alikamua mawese. Hata manati hakuwahi kushika."

Wa koti jekundu akaona jambo si mzaha. "Twende inje," akawaambia wenzake. "Twende, muache Jaja aongee na mutoto yake." Mmoja akauliza nani atamlipia dakika zake. Akasukumwa nje na dakika zake, Pascasie akawafuata.

Tukabaki watatu, mimi na Kwizera na yule wa kwenye kioo. Alikuwa anapumua. Sikujua kwamba wanawatengeneza na pumzi. Kifua kinapanda, kinashuka, na kila baada ya muda anageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Nyumbani jina lake tunalinong'ona kama ugonjwa," Kwizera akasema. "Humu linaitwa kutwa. Wanaocheza nami hawamjui, lakini akipigwa wanamkimbilia, wanamwinua. Nilitaka kuona watu wanamkimbilia."

"Mtu mwenye kuandikwa jina hadharani ni mtu aliye hai," nikasema. "Kwa nini basi unaniletea maneno ya matanga?"

Alikiweka kidude magotini.

"Zile bunduki ninazokutajia, unadhani nazipenda. Nilikuwa natafuta moja. Nilizisikiliza zote, Bibi, gemu hii na zile nyingine, mpaka nikaipata."

"Ipi?"

"Ya siku ile."

Nilitaka kumwambia anyamaze.

"Baba alinificha chini ya makuti ya michikichi. Akasema, 'Tangulieni, mimi nitakuja.' Akatoka kuelekea barabarani ili wamwone yeye. Nikasikia. Walipoondoka nikamwendea. Nilikaa naye mpaka jua likashuka, nilikuwa namfukuzia nzi. Mliponiuliza, nilisema alichosema yeye. Yale mengine nilitaka kuyasema kesho yake." Akajifuta uso kwa bega. "Kesho yake ulikuwa umeshaanza kumngoja."

Nje mtu alikuwa anagonga chuma kwa nyundo, taratibu. Nikafikiria zile hatua za uani. Nikawaza alikuwa na njia ndefu kiasi gani ya kunifikia, na mimi kila alipofika nilikuwa namwuliza kwa nini amechelewa.

"Mbona hukuniambia ulipokuwa mkubwa?"

"Ulikuwa unamwekea chakula, Bibi. Ningeanzia wapi?"

Kwenye kioo yule mwanamume akageuza kichwa tena.

"Mwambie aweke bunduki chini."

Kwizera akanitazama, akabonyeza. Bunduki ikaanguka kwenye majani. Mikono ya yule mtu ikabaki wazi, na hapo ndipo alipofanana naye. Semahoro alikuwa hajui pa kuweka mikono yake ikiwa haina kazi.

"Sasa mtoe nje ya ule ukuta."

"Bibi, wako karibu. Watamwua."

"Siku ile sikuwepo. Mtoe."

Kwizera akabonyeza vile vitufe taratibu, kwa vidole vilivyozoea kukimbia. Mwanamume akatoka. Hakukimbia. Alitembea kwenye majani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba, barabara iko mbele yake, jua la uongo liko juu yake. Nilikuwa nimeshika rozari na sikuisali. Nilimtazama. Nilitaka awe na mtu anayemtazama.

Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, kama unapopasua kokwa ya mchikichi kwa jiwe.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Shati la njano lililala kwenye majani. Nikafanya ishara ya msalaba, nikamwombea raha ya milele kwa sauti. Maneno hayo nimewaombea watu wengi hapa kambini, na kwenye jina lake nilikuwa sijawahi kuyaweka. Kwizera aliitikia, kisha akashindwa kuitikia. Nikamvuta kichwa chake chenye masikio ya baba yake, nikakiweka begani kwangu, akalia kile kilio alichokuwa nacho tangu ana matope magotini.

Tulipotulia nikamwambia, "Mpigie baba yake Doriane. Mwambie maharage yakishavunwa tutaganduka. Mtama nitauloweka mwenyewe. Na siku hiyo wewe ndiye utakayewaambia watu alivyokufa, yote, hata nzi."

"Ndiyo, Bibi."

Kumbe mashine haikuwa imemaliza. Kioo kilikuwa cheusi, kikawaka, na yule mwanamume akawa amesimama tena palepale nyuma ya ukuta. Shati safi. Bunduki mpya mkononi. Jina juu ya kichwa. Kifua kikapanda, kikashuka, akageuza kichwa upande wetu.

"Bibi," Kwizera akasema polepole. "Amerudi."

Nikamtazama vizuri, mabega, shingo, mikono iliyojaa bunduki. Nilijipa muda wote niliohitaji.

"Huyo simjui," nikasema, nikainuka nikamwambie Pascasie nani amekufa.