Msikilizaji wa Kiti cha Mbele

Bendi ya Wapiga Hodi ilikuwa na watu watatu, na kwa muda mrefu wasikilizaji wake waliwazidi kidogo tu. Kijiti, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alipiga gitaa kavu. Mkewe, Chiriku, aliimba. Mjomba wa Kijiti, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alipiga kodiani iliyokuwa ikikohoa kila alipoivuta kwa nguvu. Jumamosi alasiri walipanda ghorofani kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la rangi, wakapanga viti vya plastiki, wakaimba.

Hakuna aliyewapenda kuliko Dada Pazia, dada yake Kijiti. Yeye alishona mapazia katika duka la chini ya jengo hilohilo, na Jumamosi ikifika alifunga mapema, akajikung'uta nyuzi kwenye gauni, akapanda ngazi. Watu wa mtaani walisema nyimbo za Wapiga Hodi ni za kubembelezea watoto. Hazikuwa na ngoma wala mtu wa kurukaruka. Zilisimulia mambo ambayo hakuna anayejisumbua kuyaimba: bomba linalovuja, ndugu wawili wanaopigiana simu na kuishiwa la kusema, mwanamke anayempigia mumewe pasi shati la kwenda kuomba kazi. Katika wimbo huo wa pasi kulikuwa na mahali ambapo gitaa lilinyamaza kabisa, kodiani ikabaki inapumua peke yake, na Chiriku akalitamka neno "kola" kama mtu anayegusa shingo ya ampendaye. Dada Pazia alikuwa ameusikia wimbo huo mpaka basi, na bado vinyweleo vilimsimama.

"Tatizo lenu," alimwambia mdogo wake, "mnaimba kama mnaogopa kumwamsha mtu."

"Sasa tupige kelele ili iweje?"

"Ili angalau mwenye jengo ajue mpo."

Alitania hivyo, kisha yeye mwenyewe akachukua gundi na kwenda kubandika matangazo: kwa dobi, kwenye kituo cha basi, kando ya duka la dawa.

Daktari wa meno alipoanza kuja, wote walimshukuru Mungu. Alikuwa mtu wa makamo, msafi kupita kiasi, mwenye kliniki yake mtaa wa pili. Alikaa kiti cha mbele, katikati, akafumba macho, na midomo yake ikawa inatembea pamoja na maneno. Baada ya wiki chache alikuwa anayajua yote. Akisikia mstari umebadilishwa, kope zilimcheza kama mtu aliyechomwa sindano.

"Huyu ndiye msikilizaji," Mjomba alisema kwa furaha. "Wengine wote ni abiria."

Daktari alinunua flashi zao zote za nyimbo, hata zile za akiba ambazo Chiriku alikuwa amezitunza kwenye kopo la vifungo. "Nitawagawia wagonjwa wangu," alisema. Walimwamini. Kwa nini wasimwamini?

Lakini watu walianza kupungua. Muuguzi mmoja ambaye hakuwahi kukosa hakuonekana tena. Mume na mke waliokuwa wakikaa nyuma, wakishikana mikono, nao wakapotea. Dada Pazia alikutana na muuguzi yule sokoni akamuuliza kulikoni.

"Si mliacha?" muuguzi alishangaa. "Nilikuja siku moja nikaambiwa pale kwenye ngazi kwamba hakuna onyesho tena. Sakafu mbovu."

"Nani alikuambia?"

"Bwana mmoja mstaarabu sana. Hata alinisindikiza mpaka barabarani."

Dada Pazia alirudi nyumbani akiwaza. Mabwana wastaarabu ni wengi, alijiambia. Alibandika matangazo mengine. Yalikaa siku mbili, yakatoweka, na pale yalipokuwa ukuta ulibaki safi, gundi yote imefutwa kwa kitambaa chenye maji.

Jumamosi iliyofuata, baada ya onyesho, Daktari alimsogelea Chiriku.

"Jino lako la nyuma, kushoto," alisema kwa sauti ya chini. "Limeanza lini kukuuma?"

Chiriku alishika shavu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe. "Umejuaje, Daktari?"

"Nimelisikia. Herufi yako ya 's' imeanza kukwepa." Alitabasamu. "Njoo nikutazame. Kwako wewe ni bure."

Kijiti alicheka, akasema duh, huyu mtu ana masikio. Chiriku naye akacheka, ila alivaa sweta lake haraka ingawa hapakuwa na baridi.

Wiki hiyo neema iliwapigia simu. Mtangazaji wa redio, mwenye kipindi cha muziki wa polepole, alikuwa ameokota kwenye teksi flashi yao moja iliyouzwa zamani, akaisikiliza, akawatafuta. Angekuja Jumamosi alasiri na kinasa sauti chake. Akiridhika, nyimbo zingerushwa nchi nzima. Kijiti alimnyanyua mkewe juu mpaka akagonga taa. Mjomba, ambaye siri kwake ilikuwa kama maji kwenye chujio, alikwenda moja kwa moja kliniki kumpa Daktari habari njema.

"Alifurahi?" Dada Pazia alimuuliza.

"Aliniuliza, 'Watu wote watasikia?' Nikamwambia watu wote! Basi akakunja leso yake vizuri, akaiweka mfukoni. Wasomi hao, furaha yao haina kelele. Tena amesema Chiriku aje Jumamosi asubuhi, ili aimbe bila maumivu."

Kweli jino lilikuwa limechachamaa. Usiku Chiriku halali, chakula hali, shavu limeumuka. Hivyo Jumamosi asubuhi Dada Pazia alimsindikiza wifi yake kliniki.

Chumba cha kusubiria kilikuwa cheupe, na hapakuwa na mgonjwa mwingine. Kutoka chumba cha ndani ilisikika kodiani ikikohoa, kisha sauti ya Chiriku mwenyewe ikitoka kwenye spika.

"Ameweka nyimbo zetu," Chiriku alinong'ona. Hakuonekana kama aliyefurahi.

"Wewe jikaze kisabuni. Dakika kidogo tu, limetoka."

Daktari alifungua mlango, akamsalimia kila mmoja, akamwingiza Chiriku. Mlango ukafungwa. Dada Pazia alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe alivuka barabara kwenda kununua maji ya kunywa, akapita kwa dobi kumsalimia.

"Shoga, mbona matangazo yenu hayakai?" dobi alimuuliza huku akikunja shuka. "Mnayabadilisha kila siku?"

"Hatuyabadilishi. Kuna mtu anayabandua."

Dobi aliacha kukunja. "Mtu gani? Mimi nilidhani mmemtuma. Yule daktari wa meno wa hapo mbele. Anakuja asubuhi na maji yake ya uvuguvugu kwenye bakuli, analibandua tangazo polepole kama anamvua mtoto shati. Halichaniki hata ncha. Nikamwambia, 'Kazi nzuri,' akaniambia, 'Asante, mama.'"

Chupa ya maji ilimponyoka Dada Pazia. Hakuinama kuiokota. Alivuka barabara bila kutazama magari, akaingia kliniki, akagonga mlango wa ndani, akasukuma bila kungoja jibu.

Chiriku alikuwa amelazwa kwenye kiti, kinywa wazi, pamba mashavuni, macho yametoka kwa hofu. Daktari alikuwa amemwinamia, mgongo kwa mlango. Spika ilikuwa inaimba wimbo wa pasi.

"Funga mlango," Daktari alisema bila kugeuka. "Kipande kizuri kinakuja."

"Muache."

"Shh."

Gitaa likanyamaza. Kodiani ikapumua. Neno "kola" likapita chumbani, na mwenye sauti hiyo yuko pale kwenye kiti, mate yanamchuruzika kidevuni. Daktari alingoja mstari uishe ndipo akageuka. Mkononi alikuwa na koleo.

"Umemfanya nini?"

"Nimempiga ganzi. Pande zote mbili, na ulimi."

"Jino ni moja! Upande mmoja!"

"Hatasikia maumivu popote."

"Itamtoka saa ngapi?"

"Jioni. Pengine jioni sana."

"Na unajua leo alasiri kuna nini."

"Najua," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa ya upole mno, kama anazungumza na mgonjwa mwingine. "Nimemsikia yule mtangazaji. Anaongea huku wimbo ukiendelea. Anazikata katikati kupisha tangazo la sabuni. Baada ya mwezi watataka wimbo huu uongezwe ngoma. Mmeshawahi kufikiria hilo? Mimi silali kwa kulifikiria."

Dada Pazia alimshika wifi yake mkono amwinue. Chiriku alitoa mlio.

"Jino nimeshalilegeza," Daktari alisema. "Mzizi mmoja umebaki. Ukitaka nimwache hivi, sema tu, nimwache."

Dada Pazia alitazama damu kwenye pamba, akatazama koleo, akatazama macho ya Chiriku. Barabarani watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Angepiga kelele, angeeleza nini?

"Malizia," alisema. "Na mimi sitoki hapa."

Alisimama pale, mkono wa Chiriku ndani ya mikono yake, wakati yule mtu akifanya kazi. Aliifanya vizuri ajabu. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na kila mara alipomgusa Chiriku shavu alimgusa taratibu, kwa heshima, na hilo ndilo lililomtisha Dada Pazia kuliko kitu kingine. Jino lilipotoka alilisafisha, akaliweka kwenye trei ya chuma kando ya spika, akalitazama kidogo kabla ya kuvua glovu.

Alasiri mtangazaji alikuja. Walimweleza kwamba mwimbaji ametoka kung'olewa jino, naye akasema pole, tujaribu tu. Chiriku alijaribu. Maneno yalimtoka kama ana uji mdomoni. Aliacha katikati, akageukia ukuta. Kijiti akaimba badala yake, lakini Kijiti alikuwa mpiga gitaa. Hata Mjomba alikosea kodiani. Mtangazaji alikunja nyaya zake, akasema atawapigia, kwa ile sauti ya watu wasiopiga.

Alipofika ngazini alipishana na Daktari akiingia. Daktari alikuwa amebadilisha shati. Alikwenda kwenye kiti chake, akaketi, akafumba macho, akasubiri.

Dada Pazia alikuwa ameshawasimulia yaliyotokea kliniki, na Kijiti alimrukia. Mjomba ndiye aliyemshika kiuno, na mzee yule aliyezoea kupayuka alizungumza safari hii kwa sauti ndogo.

"Daktari. Mimi ndiye niliyekuita msikilizaji. Nakuomba uondoke, na usirudi."

Daktari alifumbua macho, akawatazama mmoja mmoja bila hasira. "Leo mmechoka," alisema. "Wiki ijayo basi." Akashuka ngazi taratibu.

Kijiti alitaka kwenda polisi palepale. "Twende tukaseme nini?" Chiriku aliandika kwenye simu yake, kwa kuwa ulimi ulikuwa bado umekufa. "Kwamba daktari wa meno ameng'oa jino bovu?" Na lilikuwa bovu kweli. Kidonda kilipona upesi, wala hapakumuuma tena.

Jumamosi iliyofuata walifunga mlango wa chini kwa kufuli. Walipoanza kupiga, Dada Pazia alichungulia dirishani. Daktari alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, uso juu, macho yamefumbwa, midomo inatembea. Walifunga madirisha. Wakaendelea kuimba katika joto, jasho likiwatiririka, na hakuna kati yao aliyethubutu kuchungulia tena.

Aliyevunja hali hiyo ni Dada Pazia. Alipiga moyo konde, akaenda redioni, akakaa mapokezi mpaka mtangazaji alipotoka, akamsimulia yote. Mwanzoni mtangazaji alicheka. Dada Pazia alipofika kwenye habari ya jino, akaacha kucheka. Alikuja siku ya kazi, bila kumwambia mtu, na akawarekodi dukani kwa Dada Pazia, kati ya majora ya kitambaa, ambayo alisema yananyonya mwangwi vizuri kuliko studio.

Nyimbo zilirushwa. Hazikuvuma, ila zilifika. Watu walianza kuulizia, na ikabidi Wapiga Hodi wahamie ukumbi wa shule wenye viti vya kutosha. Siku Dada Pazia alipopita mtaa wa pili aliikuta kliniki imefungwa, dirisha limepakwa chokaa kwa ndani. Dobi alisema Daktari alihama asubuhi moja na masanduku yake, akaaga vizuri. Hakusema anakwenda wapi.

Katika onyesho la kwanza pale shuleni watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Chiriku aliimba wimbo mpya, wa jirani anayesikika ukutani lakini hajawahi kuonekana. Nyuma ya Dada Pazia kijana mmoja alianza kuufuatisha kwa sauti, maneno anayabahatisha, anacheka na wenzake, anapiga makofi mahali ambapo wimbo ulitaka ukimya.

Dada Pazia alisikia moto ukimpanda kifuani. Alitaka kijana yule anyamaze. Alitaka atoke, na wenzake wote watoke, milango ifungwe, abaki yeye na wale watatu tu. Aligeuka, na mkono wake ulikuwa tayari juu, vidole vimekunjuka, usawa wa mdomo wa yule kijana, kama wa kuuziba.

"Vipi, anti?" kijana aliuliza, akirudi nyuma kidogo.

Aliushusha mkono. Akaomba radhi, akatoka ukumbini, akaegemea ukuta mpaka pumzi zilipomrudia.

Baadaye Chiriku alimkuta hapo nje. "Wifi, mbona umetukimbia? Umeona watu walivyokuja?"

"Nimewaona."

"Mbona unatetemeka sasa?"

"Joto," Dada Pazia alisema, akauficha mkono nyuma ya gauni lake. Wakarudi ndani pamoja kuzungumza na wageni.